Emlen Tunnell, Mlinzi Aliyekwenda Kubisha Hodi Mwenyewe

Msomaji mpenzi, ukiketi barazani jioni ukawasikiliza vijana wakizungumza habari za mpira, utaona kuwa mazungumzo yao karibu yote ni ya wafungaji. Fulani katia mawili, fulani kapiga kichwa mpira ukazama wavuni. Ama yule mlinzi aliyesimama nyuma dakika zote tisini, akaziba kila upenyo, huyo hatajwi, isipokuwa siku ile aliyoteleza. Kazi ya mlinzi ni kuzuia, na jambo lililozuiwa halina umbo. Bao lililofungwa huhesabiwa, lakini bao ambalo halikufungwa nani atalihesabu?

Leo nataka nikusimulie habari za mtu mmoja ambaye umri wake wote ulikuwa ni kuzuia na kuokoa, uwanjani na baharini. Mtu huyo ni Emlen Tunnell, Mmarekani mweusi aliyecheza futboli ya kwao kwa miaka kumi na minne, akawa mlinzi ambaye watu walikuja uwanjani kumtazama yeye. Alifariki mwaka 1975, lakini jambo kubwa kabisa alilolitenda maishani halikujulikana na wengi mpaka alipokuwa amelala kaburini miaka mingi.

Kabla ya kwenda mbele, yafaa tuufahamu mchezo wenyewe. Futboli ya Kimarekani si mpira huu wetu wa miguu. Iko karibu zaidi na raga. Mpira wake una ncha mbili, nao hubebwa mkononi, hurushwa, na mara mojamoja hupigwa teke. Kila upande huwa na watu kumi na mmoja uwanjani, wamevaa kofia ngumu na mito ya kukinga mabega. Upande wenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele yadi kumi. Wakifaulu wanapewa nafasi nyingine nne, wakishindwa mpira huenda kwa wenzao. Tofauti kubwa na raga ni kwamba mchezaji mmoja, aliye kama nahodha wa jahazi, ana ruhusa ya kuurusha mpira mbele, umfikie mwenziwe aliyekwisha kukimbia masafa.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya Tunnell. Yeye alikuwa mlinzi wa nyuma kabisa, yule ambaye akipitwa hakuna tena wa kuzuia. Kazi yake ilikuwa ni kumwangusha anayekuja na mpira, na kuusoma mpira ungali hewani ili aunyake kabla haujamfikia mwenyewe. Kunyaka mpira wa adui ni kama kumpokonya mtu tonge mdomoni. Waliokuwa wakishambulia hujikuta ghafula wanashambuliwa.

SHINGO ILIYOVUNJIKA

Emlen Tunnell alizaliwa tarehe 29 Machi 1924 huko Bryn Mawr, katika jimbo la Pennsylvania, nje kidogo ya mji wa Philadelphia. Alikulia mtaa wa Garrett Hill katika wilaya ya Radnor, mahali penye majumba ya matajiri na, kando yake, vijumba vya watu waliowatumikia matajiri hao. Mama yake ndiye aliyewalea watoto, na chumo lake lilikuwa ni kazi za nyumbani kwa watu. Kijana alisoma shule ya upili ya Radnor, akajulikana kwa wepesi wa miguu na mikono, katika futboli na katika mpira wa kikapu pia.

Mwaka 1942 alijiunga na Chuo Kikuu cha Toledo, jimbo la Ohio. Hakukaa sana, akapatwa na msiba uwanjani. Alivunjika shingo. Mtu akivunjika shingo, msomaji, watu huanza kunong'ona wakitafuta sanda. Madaktari walimfunga vifaa vya kuishikilia shingo, na ilidhaniwa kuwa habari za futboli kwake zimekwisha. Lakini kabla ya msimu ule kwisha alikuwa amerudi uwanjani, si kwa futboli bali kwa mpira wa kikapu, na timu ya chuo chake ikafika fainali ya mashindano makubwa ya vyuo yaliyochezwa New York mwaka 1943.

Siku hizo dunia ilikuwa vitani. Tunnell alikwenda kujiandikisha katika jeshi la nchi kavu, wakamkataa kwa sababu ya ile shingo. Akaenda jeshi la majini, nao wakamkataa. Mwingine angerudi nyumbani akashukuru kuwa kaepushwa na risasi. Yeye alibisha mlango wa tatu, nao ulikuwa mlango wa kikosi cha Walinzi wa Pwani. Hao walimkubali, mwaka 1943.

MOTO NA BARIDI

Usidhani kuwa kukubaliwa huko kulikuwa ni heshima kamili. Marekani ya siku zile ilikuwa na ubaguzi wa rangi hadharani, na ubaguzi ule ulipanda melini pamoja na mabaharia. Wengi wa vijana weusi hawakupewa usukani wala mizinga. Walipelekwa jikoni na mezani, wawapikie maofisa, wawaandalie, wawaoshee vyombo, wawatandikie vitanda. Tunnell naye aliwekwa katika kazi hiyo ya utumishi wa meza. Kijana aliyekuja kuitetea nchi yake alipewa sinia.

Meli aliyotumwa iliitwa Etamin, meli ya mizigo iliyoendeshwa na mabaharia wa Walinzi wa Pwani katika Bahari ya Pasifiki. Tarehe 27 Aprili 1944 meli hiyo ilikuwa Aitape, katika pwani ya kisiwa cha New Guinea, ikishusha shehena ya baruti na petroli. Usiku ule ndege ya Kijapani ilikuja chini chini ikaiachia topido, yaani lile bomu liendalo ndani ya maji, nalo likaitoboa meli ubavuni.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya moto chomboni. Nchi kavu moto ukiwaka mtu hukimbia, lakini baharini utakimbilia wapi? Na moto huu uliwaka katika chombo kilichosheheni petroli na baruti. Katika vurumai ile baharia mmoja, fundi wa mitambo, alishikwa na moto mwilini. Tunnell hakuwa na blanketi wala ndoo. Alimrukia mwenziwe akaupiga ule moto kwa viganja vyake vitupu mpaka ukazimika, kisha akambeba akamtoa mahali pa hatari. Mikono ile iliungua. Wakati huo hakuna aliyejua kuwa ndiyo mikono itakayokuja kunyaka mipira kuliko mikono yote ya zama zake.

Haya yalikuwa ya moto. Ya baridi yalikuja miaka miwili baadaye. Mwaka 1946, vita vimekwisha, Tunnell alikuwa katika meli nyingine ya kikosi, iitwayo Tampa, huko kaskazini katika maji ya Newfoundland, mahali ambapo vilima vya barafu huelea baharini. Baharia mmoja aliteleza akaanguka majini. Maji yale yalikuwa karibu na kuganda, na katika maji ya namna hiyo mtu huhesabiwa kwa dakika. Misuli hukakamaa, pumzi hukatika, mikono huacha kutii. Tunnell alijitupa baharini akamfuata, akamshika, akakaa naye mpaka wakavutwa wote wawili. Yeye mwenyewe alitolewa mwili umemfa ganzi akahitaji kutibiwa.

Mara mbili, basi, mtu huyu aliyekataliwa kuwa hafai kwa vita aliweka roho yake rehani kwa ajili ya roho ya mtu mwingine. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Tunnell alitenda, akaenda zake. Alivua sare mwaka huo huo wa 1946, pasi na nishani kifuani kwa ajili ya mambo yale mawili, akarudi kutafuta maisha.

LORI LA NDIZI

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Iowa, akacheza futboli misimu miwili. Alikuwa mzuri, lakini hakuwa na jina kubwa. Katika Marekani timu za kulipwa huwachagua wachezaji wa vyuo kwa zamu kila mwaka, mmoja mmoja, kama watu wanaochagua samaki sokoni. Katika uchaguzi huo hakuna timu iliyomwita Emlen Tunnell. Kiangazi cha mwaka 1948 alikuwa amekatiza masomo, na mfukoni hana kitu.

Hapa lazima tukumbuke hali ya ligi yenyewe. Tangu mwaka 1934 mpaka 1945 hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika ile Ligi ya Taifa ya Futboli. Haikuandikwa mahali popote kuwa ni marufuku, lakini mlango ulikuwa umefungwa, na kila mtu alijua. Ulifunguliwa kidogo mwaka 1946, pale timu ya Los Angeles Rams ilipowachukua Kenny Washington na Woody Strode. Timu ya New York Giants, moja katika timu kongwe za ligi, ilikuwa haijapata kuwa na mchezaji mweusi.

Tunnell aliamua kwenda huko New York. Nauli hakuwa nayo. Alisimama njiani akiomba kuchukuliwa, akapata lori lililokuwa likipeleka ndizi mjini, na dereva wake alikuwa mtu wa visiwa vya Karibi. Basi huyu ambaye baadaye alikuwa fahari ya New York aliingia mji ule pamoja na mikungu ya ndizi. Aliposhushwa alishika njia kwa miguu mpaka ofisi za Giants, akabisha hodi, akasema kuwa yeye ni mchezaji na amekuja kuomba ajaribiwe.

Aliyekuwa na timu ni mzee Tim Mara, mwanzilishi wake. Inasimuliwa kuwa mzee yule alimtazama kijana akavutiwa na moyo wake. Aliona kuwa mtu mwenye ujasiri wa kuja mwenyewe, bila kuitwa, anastahili kupewa nafasi. Alimpa nafasi, na kwa hodi ile Tunnell akawa mchezaji mweusi wa kwanza katika historia ya New York Giants.

Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Lakini methali hii ina upande wa pili ambao hatuusemi mara nyingi, nao ni kwamba si kila anayegaagaa hukuta bahari imetoa. Tujiulize ni vijana wangapi wengine waliokuwa na miguu ile na mikono ile, lakini hawakupata lori, au walipata lori wakakuta mlango umefungwa. Tunnell mwenyewe alibisha milango ya jeshi miwili akafukuzwa kabla ya kupata wa tatu.

MWAVULI

Msimu wake wa kwanza, 1948, Tunnell alinyaka mipira 7 ya adui, minne kati ya hiyo katika mechi moja dhidi ya Green Bay. Msimu wa pili alinyaka 10. Watu wakaanza kuuliza ni nani huyu.

Mwaka 1950 timu ya Cleveland Browns iliingia katika ligi ikitoka ligi nyingine ambako ilikuwa imetwaa ubingwa miaka yote minne mfululizo. Mrushaji wao, Otto Graham, alikuwa na mkono uliotupa mpira kama mtu anayetia uzi katika tundu la sindano. Mechi ya kwanza waliwapiga mabingwa wa ligi, Philadelphia Eagles, 35 kwa 10. Watu wakasema hawa hawazuiliki.

Kocha wa Giants, Steve Owen, alikaa akafikiri, akaja na mpango mpya wa ulinzi. Badala ya kujaza watu mbele, aliwaruhusu wale wa pembeni kurudi nyuma kila ilipoonekana kuwa mpira utarushwa. Ukiutazama mpango ule kutoka juu, walinzi wa nyuma walijipanga kwa duara kama mwavuli uliofunguliwa, na ndilo jina lililoshika, Mwavuli. Katika mwavuli ule alikuwamo Tunnell, na alikuwamo pia Tom Landry, ambaye baadaye alikuja kuwa kocha mashuhuri wa Dallas. Tarehe 1 Oktoba 1950 Giants waliwafunga Browns 6 kwa 0. Nusu ya kwanza yote Graham hakuweza kumfikishia mwenziwe mpira hata mmoja. Ilikuwa ni mara ya kwanza tangu timu ile izaliwe kumaliza mchezo bila alama.

Lakini Tunnell hakuwa wa kuzuia tu. Adui alipopiga mpira teke kuupeleka mbali, yeye ndiye aliyekuwa akiupokea na kurudi nao mbio, akipinda na kukatiza katikati ya watu kama mtepe unaopita kwenye miamba. Mwaka 1952 alikimbia na mipira aliyoinyaka na aliyoipokea kwa jumla ya yadi 924. Sasa pima mwenyewe. Mwaka huo huo, mshambuliaji aliyeongoza ligi nzima kwa kukimbia na mpira alipata yadi 894. Mlinzi alikuwa amekwenda masafa marefu kuliko mshambuliaji bora, ilhali kazi yake haikuwa kushambulia. Ndipo watu wakampa lakabu, wakamwita shambulizi lililo ndani ya ulinzi.

Hata hivyo moyo wake ulikuwa katika kuangusha watu. Alikuwa akishikilia kwamba kukimbia ni jambo la wanariadha, na kwamba futboli hasa ni ule mkabiliano wa mtu na mtu. Wepesi wa miguu aliuhesabu kuwa ni kipaji cha Mungu, lakini kumwangusha mtu aliuona kuwa ni ufundi wake mwenyewe. Alicheza mechi 158 mfululizo bila kukosa hata moja, katika mchezo ambao wengi hutoka uwanjani wakichechemea au wakibebwa, naye ndiye yule aliyekwisha kuvunjika shingo.

Alichaguliwa mara tisa katika kikosi cha wachezaji bora wa ligi. Mwaka 1956, katika uwanja wa Yankee Stadium uliokuwa na barafu, Giants walitwaa ubingwa kwa kuwatandika Chicago Bears 47 kwa 7. Mwaka 1958 alikuwamo tena katika fainali ile maarufu ambayo Giants walishindwa na Baltimore Colts 23 kwa 17 baada ya kuongezwa muda.

MWALIMU WA VIJANA

Katika benchi la makocha wa Giants alikuwapo msaidizi mmoja mkali, Vince Lombardi. Mwaka 1959 Lombardi alipewa timu ya Green Bay Packers, katika jimbo la Wisconsin. Timu ile mwaka uliotangulia ilikuwa imeshinda mechi moja tu. Miongoni mwa mambo ya kwanza aliyofanya Lombardi ni kumchukua Tunnell, ambaye kwa umri wa mchezo ule alikuwa mzee.

Kwa nini amchukue mzee? Green Bay ni mji mdogo wa kaskazini kwenye baridi kali, na siku hizo watu weusi waliokaa pale walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Lombardi alitaka kuleta vijana weusi wenye vipaji, naye alijua kuwa kijana mgeni katika mji usio na mtu wa kwao anahitaji kaka wa kumshika mkono. Tunnell ndiye aliyekuwa kaka huyo. Walifika Willie Davis na Willie Wood mwaka 1960, akafika Herb Adderley mwaka 1961, nao wote watatu baadaye wakawa mashujaa wa mchezo huo.

Huyu Willie Wood habari zake zinafanana na za Tunnell kwa namna ya kushangaza. Naye hakuchaguliwa na timu yoyote. Naye aliomba mwenyewe ajaribiwe, kwa kuandika barua. Alipofika aliwekwa mahali pale pale pa Tunnell, mlinzi wa nyuma. Kwa desturi ya dunia mzee humficha kijana siri za kazi, asije akampokonya mkate. Tunnell hakuficha. Alimfundisha Wood jinsi ya kumsoma mrushaji macho na mabega, na wapi pa kusimama kabla mpira haujaondoka mkononi. Wood akachukua nafasi, na mwalimu akawa radhi kukaa kando. Tarehe 31 Desemba 1961 Packers walitwaa ubingwa kwa kuwafunga Giants, timu ile ya zamani ya Tunnell, 37 kwa 0. Baada ya hapo alivua kofia ile ngumu, akastaafu.

Hesabu aliyoiacha ni hii: misimu 14, na mipira 79 aliyowanyaka adui. Hapakuwa na mtu aliyefikia idadi hiyo. Ilisimama mpaka mwaka 1979, alipopatikana Paul Krause aliyefikisha 81. Mpaka leo Tunnell ni wa pili, na hiyo ni baada ya zaidi ya miaka sitini ya watu wanaorusha mipira mara nyingi kuliko zama zake.

Alirudi Giants kama mtafuta vipaji, kisha mwaka 1965 akafanywa kocha msaidizi wa kudumu, miongoni mwa weusi wa mwanzo kabisa kushika kazi hiyo katika ligi. Mwaka 1967 alitiwa katika Jumba la Mashujaa wa futboli huko Canton, Ohio. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia, na pia mtu wa kwanza kuingizwa kwa kazi ya ulinzi peke yake. Hatimaye walinzi nao walikuwa na jina ukutani.

Lakini ukocha mkuu hakuupata. Katika zama hizi mpya za ligi, mweusi wa kwanza kupewa timu nzima aiongoze alipatikana mwaka 1989. Wakati huo Tunnell alikuwa amefariki miaka kumi na minne. Tarehe 23 Julai 1975, akiwa katika kambi ya mazoezi ya Giants huko Pleasantville, jimbo la New York, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka 51. Mauti yalimkuta kazini, pamoja na timu ile ile aliyoibishia hodi miaka ishirini na saba kabla.

JINA LILILORUDI BAHARINI

Ningeweza kuishia hapa, na maisha haya yangetosha. Lakini kumbuka ule moto wa Aitape na yale maji ya Newfoundland. Miaka yote hiyo Tunnell alipoimbwa na magazeti aliimbwa kwa mipira. Wale mabaharia wawili walikwenda zao wakaishi maisha yao, na mtu aliyewapa maisha hayo hakuwa amevishwa chochote na kikosi chake.

Ilikuwa mwaka 2011, baada ya kumbukumbu za zamani kufukuliwa, ndipo kikosi cha Walinzi wa Pwani kilipomtunukia nishani ya fedha ya kuokoa maisha. Hesabu miaka. Tangu ule moto ilikuwa imepita miaka 67. Tangu yeye kufariki ilikuwa imepita 36. Chanda chema huvikwa pete, ndivyo tusemavyo, lakini chanda hiki kilivikwa pete kimekwisha kuwa mchanga. Mtumishi wa meza hakutazamwa kama shujaa, kwa kuwa aliyeshika sinia hakutazamwa usoni.

Mwaka 2021 kikosi hicho kilifanya jambo jingine. Kiliipa jina la Emlen Tunnell meli yake mpya ya doria yenye urefu wa futi 154, na sherehe ya kuianzisha ikafanywa Philadelphia, jirani na pale alipozaliwa. Kijana aliyewahi kuwekwa awatandikie maofisa vitanda, sasa maofisa wanapokea amri ndani ya chombo chenye jina lake.

Na meli hiyo ilielekezwa wapi? Mwaka 2022 ilivuka bahari ikafika Bahrain, kulinda maji ya Ghuba na Bahari ya Arabuni. Hapo ndipo mimi, mtu wa pwani, nilipotikisika niliposoma. Maji hayo tunayajua. Ndiyo maji ambayo majahazi ya Lamu na Mombasa yalikuwa yakiyaendea msimu wa kusi, yamesheheni boriti, na kurudi na kaskazi yakiwa na tende na mazulia. Nakhodha wetu wa zamani waliomba dua njiani wapate mtu wa kuwaona endapo chombo kitawaka moto au baharia ataanguka usiku. Jina la mtu wa namna hiyo lilifika huko.

Siku nyingine, basi, ukiwa barazani na vijana wakihesabu mabao, waulize habari za yule aliyesimama nyuma. Waulize alizuia mangapi, na ni nani aliyeweka hesabu yake. Na akiwapo karibu mtu kama huyo, aliyewahi kumtoa mwenziwe katika moto au katika maji, apewe mkono na ashukuriwe angali hai, asingoje miaka 67.